Mapovu Kwenye Rejeta

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Rwakabuba alikuwa anafungua boneti ya pikapu na kuushika ule mpira mnene unaopeleka maji ya injini kwenye rejeta. Aliubinya polepole kutoka juu kushuka chini, kama mtu anayeshika chuchu za ng'ombe kabla ya kukamua. Kisha anafungua kifuniko cha rejeta, anachovya kidole, anakitazama, anakinusa, anakifuta kwenye suruali. Ndipo anakwenda kunawa.

Majirani wa Juru, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, walishamzoea, lakini hawakuacha kumchokoza.

"Rwakabuba, leo imetoa lita ngapi?"

"Leo haitoi. Iko na mimba," alikuwa anajibu bila kucheka, na wao ndio waliocheka.

Pikapu haikuwa yake. Ilikuwa ya Hajati Zainah, mama mwenye duka la maziwa mjini Mbarara. Kazi ilikuwa kukusanya maziwa ya Wakongo wa Juru alfajiri, katika mikebe mirefu ya bati, na kuyafikisha dukani kabla jua halijapata nguvu. Siku ya kumpa ufunguo Hajati hakumuuliza amesoma wapi. Alimtazama tu akilizungusha gari kando ya soko, akamwita bwana kwa lugha ya kwao: "Ssebo, maziwa hapana ngojea mtu. Usiwache yangoje."

Ufunguo ule kwa Rwakabuba haukuwa kitu kidogo. Kule kwao, milimani Minembwe, alikuwa mfugaji, mtoto wa wafugaji. Vita vilipowateremsha, ng'ombe walibaki njiani mmoja mmoja, naye akaingia Nakivale na fimbo mkononi. Alipewa shamba, jembe likamkataa. Mahindi yake yalikuwa mafupi hata mbuzi wa watu walipita bila kuyagusa. Akafyatua matofali, yakapasuka kwenye tanuru. Baada ya hapo akaacha kujaribu. Mkewe, Mukarukundo, alikuwa anaamka kwenda kulimia watu vibarua ili mtoto wao mkubwa, Irakiza, na wadogo zake wale, akirudi jioni anamkuta mumewe palepale alipomwacha, kwenye jiwe nyuma ya nyumba, anatazama bonde. Hasemi. Chakula akiwekewa, kinapoa.

Lori la kanisa ndilo lililomtoa kwenye jiwe. Dereva wake alihitaji mtu wa kusukuma, Rwakabuba akasukuma, akafundishwa usukani, na kutoka hapo akafika kwa Hajati. Tangu apewe ile pikapu, alikuwa mtu tena. Akifika kwenye boma la mtu alfajiri, anafungua mkebe, ananusa, anasema, "Huyu ni yule mwekundu, leo amekula majani ya bondeni." Wenye ng'ombe walimpenda kwa hilo. Nyumbani alikuwa anakula. Alikuwa anaimba hata, kwa sauti ya chini, akifikiri hakuna anayesikia. Mukarukundo alijua vizuri kwamba ufunguo ule ukiondoka, jiwe lile linamngoja.

Shida ilianza na kitu kidogo. Asubuhi moja ya kiangazi pikapu ilichemka ikipanda kilima cha kuelekea Kabingo, kwa sababu klipu ya mpira ilikuwa imelegea na maji yamevuja. Rwakabuba alikaza klipu, akajaza maji, akafika. Lakini moyo haukutulia, na jioni akapita kwa Appolinaire, fundi wa Base Camp, kituo kikuu cha kambi.

Pale Base Camp kulikuwa na desturi. Gari lolote jipya likifika, madereva na mafundi wanalizunguka kama watu wanaokwenda kumkata ndama pembe. Wanafungua mahali mpira wa maji unapoingia kwenye injini, wanatoa kile kichuma cha duara chenye springi, thamostati, halafu wanafunga bolti bila kukirudisha. Walikiita kizibo. Appolinaire alikuwa amezitunga thamostati zote kwenye waya mbele ya kibanda chake, na upepo ukivuma zinagongana kama shanga za bibi harusi.

"Hii bazungu balitia juu ya baridi ya kwabo," alisema Appolinaire. "Kwetu jua iko mingi. Maji inapaswa kutembea tu, bila kizuizi. We mwenyewe ukiwa na joto, utavaa koti?"

Watu wakacheka. Hoja ilikuwa nzuri, nani angeipinga? Rwakabuba alichukua spana akafungua bolti kwa mkono wake mwenyewe, na thamostati ya Hajati ikaongezwa kwenye waya. Walimpigia makofi.

Mwanzoni ilionekana kama dawa. Kwenye tambarare mshale wa joto ulilala chini kabisa. Lakini kila kilima mshale uliinuka, na safari hii ulikuwa unainuka haraka kuliko zamani. Rwakabuba hakuelewa. Maji yamejaa, klipu zimekaza, feni inazunguka, kizibo kimetoka. Alianza kubeba bidoni, madumu ya maji, nyuma pamoja na mikebe ya maziwa. Akajifunza kuwasha hita ya ndani ili inyonye joto la injini, na hivyo ndivyo alivyokuwa anapanda vilima vya Isingiro katikati ya kiangazi: madirisha wazi, upepo wa moto unampuliza magotini, jasho linamtoka hadi kwenye soksi, macho hayatoki kwenye mshale. Barabarani watu walimwona anaongea peke yake. Alikuwa anaibembeleza. "Kidogo tu, mama. Kidogo tu. Kile kichaka, halafu utapumzika."

Siku moja haikubembelezeka. Ilipofika katikati ya kilima ilitoa mvuke kama sufuria ya ugali, na ilipopoa jua lilikuwa utosini. Maziwa yote yalifika yameganda. Hajati aliyamwaga mferejini bila neno. Haukupita muda mrefu ikatokea tena, kilima kilekile, na safari hii wateja wa hoteli walikuwa wamesimama dukani na vyombo vyao mkononi.

Hajati alimwita pembeni. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Rwakabuba.

"Mara ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Mara ya pili nimenyamaza. Maziwa ikiharibika tena, ssebo, usirudi nayo huko kwenu hiyo gari. Utaacha ufunguo hapa. Tumesikizana?"

"Tumesikilizana, Hajati."

Nyuma ya duka la Hajati kulikuwa na uwanja wa gereji, na fundi wake alikuwa Hudu, mtu mnene wa Mbarara, mwenye mdomo wa kuchoma lakini roho safi. Rwakabuba alikwenda kwake moja kwa moja. Hudu alifungua boneti, akafungua bolti, akachungulia, kisha akageuka.

"Banange! Wapi thamostati?"

"Tulitoa."

"Nani alikuambia toa?"

"Fasi yetu bote banatoa."

"Wote!" Hudu akapiga paja. "Nyinyi watu wa kambi siku moja mtatoa injini, mseme gari imekuwa nyepesi."

Alikuwa na thamostati nyingine ndani ya kopo. Akaifunga kwa uzi, akaiingiza kwenye birika la chai lililokuwa linachemka kwenye jiko la vijana wake, akamwambia Rwakabuba atazame. Mwanzo kichuma kilikaa kimefunga mdomo. Maji yalipozidi kuchemka, mdomo ukafunguka polepole, wenyewe, bila mtu kuugusa. Hudu akakitoa. Kilipopoa, kikafunga tena.

"Umeona? Maji kwa hii injini iko na njia mbili. Moja inaenda rejeta, inapoa. Ingine ni fupi, inarudi kwa injini vilevile moto. Hii kitu ikifungua ya rejeta, hapa chini inafunga ile fupi. Sasa wewe umetoa. Nani anafunga ile fupi? Maji yako inazunguka tu ndani, haifiki rejeta yote. Tambarare utaona sawa. Ukipanda na mzigo, inaiva."

Rwakabuba alichuchumaa chini, palepale kwenye mafuta. Alikuwa anakumbuka vilima vyote. Yeye anaibembeleza, kumbe ndiye aliyeifungia njia ya kupumua. Alihesabu moyoni ni mara ngapi aliisikia inagonga akaongeza mwendo ili afike, akashindwa kuhesabu.

"Inaweza kupona?" aliuliza.

"Weka hii kwanza, tuone. Fanya mwenyewe, mimi niko na gari ya mtu hapa."

Alifanya mwenyewe. Alimwaga maji nusu, akakwangua gasketi ya zamani hadi chuma kikang'aa, akaweka thamostati springi ikitazama ndani ya injini, na katundu kake kadogo kakiwa juu, kama Hudu alivyomwambia, maana hapo ndipo hewa inapopenya. Akakaza bolti kidogo huku, kidogo kule, zisivute upande mmoja. Alifanya hivyo polepole, kama anayemfunga mtoto jeraha.

"Bado iko na hewa ndani," Hudu alimwambia akiwa chini ya gari lingine, miguu tu inaonekana. "Hapa kwangu ni tambarare, haitoki yote. Kesho, kabla ya kupakia, panda mahali ya mlima. Kichwa ya gari iwe juu. Fungua kifuniko, washa hita, acha injini ingurume. Maji ikishuka, ongeza. Itatoa mapovu, itatoa, mwisho itanyamaza. Ikinyamaza, funga. Isiponyamaza..." Sauti ilikatika kidogo. "Ikinyamaza, funga."

Alirudi Juru jioni polepole. Njiani mshale uliinuka. Alisimama, akangoja, akaendelea. Ukainuka tena. Ni hewa, alijiambia. Fundi mwenyewe amesema bado kuna hewa.

Kulipopambazuka alikuwa ameshaipandisha pikapu kwenye mteremko juu ya kanisa, pua ikitazama mbinguni, mawe nyuma ya magurudumu. Akafungua kifuniko, akawasha hita, akawasha injini. Akasimama na bidoni mkononi.

Wanawake wa maziwa walikuja na mikebe yao kama kila siku, wakakuta gari halijakaa mahali pake. Wakapanda hadi pale. Mbele yao alikuwa Nyirabizimana, bibi mwenye ng'ombe wengi kuliko wote na maneno mengi kuliko ng'ombe.

"Shofere, hii motoka unaiombea ama unainywesha?"

"Ninatoa hewa, mama."

"Imekula nini, inajaa hewa? Ng'ombe ikijaa hewa tunaichoma na kisu kwa ubavu. Nikuletee kisu?"

Wanawake wakacheka, hata Rwakabuba akatabasamu. Maji yalikuwa yameanza kutoa mapovu, makubwa, mazito, moja baada ya jingine. Kila povu likipasuka maji yalishuka, naye aliongeza. Hewa inatoka. Alitaka kuwaonyesha. Baadaye mpira wa juu ukapata moto mkononi mwake, maana yake mdomo wa thamostati umefunguka na maji yamepata njia ya rejeta, na alifurahi hadi akamwita Mukarukundo, aliyekuwa amesimama na wenzake na mkebe wa jirani kichwani.

"Mama Irakiza, shika hapa! Unasikia? Inafanya kazi!"

Mukarukundo alishika. "Iko moto," alisema. Halafu akachungulia ndani ya rejeta. "Na hii mapovu, itaisha lini?"

"Sasa hivi."

Jua likatoka upande wa ziwa. Mapovu hayakuisha. Yalikuwa madogo sasa, mengi, yanapanda bila kupumzika, kama chungu cha pombe ya ndizi kinachochachuka. Rwakabuba aliongeza maji. Akaminya mpira, akauachia, akaminya. Akapanda kwenye usukani akakanyaga mafuta kidogo, akashuka kuangalia. Mapovu yakazidi. Akalisogeza gari juu zaidi, mwinuko mkali zaidi, akaanza upya.

"Shofere, maziwa iko na joto tayari," Nyirabizimana alisema, na safari hii hakuna aliyecheka. "Tufanye nini, tupakie?"

"Muningojee kidogo."

"Tunangojea tangu batoto bangali banalala."

"Kidogo tu, mama! Hewa iko mingi, ni ya siku nyingi!"

Alikuwa hajawahi kumpandishia sauti bibi yule. Rwakabuba aliinamia rejeta kama mtu anayechungulia kisima alichoangukia mtoto. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Anaomba, walidhani. Alikuwa anasema, nyamaza, nyamaza, nyamaza.

Ndipo akafanya kile alichokuwa anafanya kila siku kwenye maboma ya watu bila kufikiri. Akanusa.

Ulikuwa ni moshi. Si harufu ya maji moto wala ya kutu. Moshi wa dizeli, uleule unaotoka nyuma kwenye bomba, ulikuwa unatoka humu mbele, ndani ya maji, kila povu na moshi wake. Alichota maji kwa kiganja akanusa tena, akachota tena. Kisha akasimama wima, taratibu, mkono kiunoni kama mzee.

Haikuwa hewa iliyobaki. Injini yenyewe ndiyo iliyokuwa inapumulia ndani ya maji. Imepasuka huko juu, kwenye hedi, kichwa cha injini, mahali moto na maji vinapokaribiana. Angeweza kusimama kwenye mteremko ule mwaka mzima akiongeza maji, yasingenyamaza kamwe. Sasa alilijua lile neno ambalo Hudu hakulimaliza.

Alizima injini. Ukimya ukawa mkubwa hadi ng'ombe wa bondeni wakasikika.

"Imeisha?" aliuliza Mukarukundo.

"Imeisha."

"Hewa?"

Aliwageukia wanawake. "Bamama, munisamehe. Muitane vijana ya pikipiki babebe hii maziwa mbio, hata kama watawapunja. Miye leo sipakie."

"Pakia tu, mwanangu," Nyirabizimana alisema kwa sauti ya upole ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Mungu ataisukuma. Mara ngapi imefika ikitoa mvuke?"

Rwakabuba alimtazama, na uso wake ulionyesha wazi jinsi alivyotaka kukubali. Angepakia. Angewasha hita, angebembeleza, pengine ingefika, na ikifika leo ufunguo ni wake mpaka kesho. Alishika mkebe wa kwanza kwa mikono miwili. Akauinua hadi ukingoni mwa pikapu. Ukakaa hapo, unatetema. Kisha akaurudisha chini.

"Hii mara hata Kabingo haifike. Yataganda yote, na mutakuwa mumepoteza juu yangu."

Wakaanza kushuka na mikebe yao. Mukarukundo alibaki.

"Baba Irakiza, unaenda wapi nayo basi?"

"Kuirudisha."

"Na ukiirudisha?"

Alikuwa anafunga kifuniko cha rejeta, anakikaza kuliko inavyohitajika. "Ni motoka ya mwenyewe. Irudi kwa mwenyewe."

"Miye sikuulize motoka. Ninakuuliza weye."

Aliingia ndani, akafunga mlango. Alimtazama mkewe kupitia dirisha, akawasha injini.

Ilichukua siku nzima kufika Mbarara na gari tupu. Kila kilima alisimama, kila kijito alichota. Kwenye mji mdogo wa Kaberebere watoto walimwona ameegemea usukani wakadhani amelala. Alipoingia kwenye uwanja wa gereji, injini ilikuwa inachechemea kama inapiga mguu mmoja, moshi mweupe unafunika ua mzima, na Hudu akatoka mbio akipepea kwa kofia.

Hudu alifungua kifuniko kwa kitambaa, akanusa, akakifunga. Hakutania. "Hedi," alisema tu.

Hajati Zainah alitokea mlango wa nyuma wa duka, mtandio mabegani. Alitazama nyuma ya pikapu. "Maziwa iko wapi?"

"Sikupakia, Hajati. Yangeharibika."

Akaigeukia boneti. "Na gari?"

"Imepasuka," alisema Hudu haraka. "Lakini Hajati, hii si ya leo. Huko kambini wote wanatoa thamostati, ni desturi yao, si yeye peke..."

"Nani alitoa ya kwangu?"

Hudu akatazama chini.

"Ni miye," alisema Rwakabuba. "Spana nilishika miye."

Hajati alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. "Umesema ukweli, na maziwa ya watu umeyaokoa. Sikupigii kelele. Lakini hii gari, mpaka Hudu aitengeneze, ni miezi. Na ikitengenezwa nitampa Kayumba, yule dereva mwingine, amekwisha kuniomba. Mimi nina wateja, ssebo. Uelewe."

"Minaelewa."

"Hata kupakia," Hudu aliingilia, "huyu mtu anajua maziwa, Hajati, anaweza kwenda na Kayumba, kupakia tu."

Hajati alimgeukia Rwakabuba, kama anayemngoja aombe. Labda angekubali. Rwakabuba alikuwa anatazama ile pikapu, boneti wazi, matone yanadondoka chini yake na kumezwa na vumbi. Alitoa ufunguo mfukoni, akaufuta kwenye shati pande zote mbili, akauweka kwenye kiti cha dereva.

"Keti kwanza," alisema Hajati. "Umetoka mbali. Muzna! Leta chai na mkate. Keti, ssebo, hizo mambo zingine tutaongea ukikula."

Rwakabuba aliiangalia mikono yake, myeusi kwa mafuta hadi kwenye viwiko. "Ninanawa kwanza," alisema.

"Bomba iko pale."

Bomba lilikuwa upande wa kushoto, kando ya matairi. Rwakabuba alikwenda upande huo hatua chache, akafika mahali uwanja unapogawanyika. Akasimama kidogo. Halafu akapita kulia, kwenye geti lililokuwa wazi, akatoka barabarani. Vijana wa Hudu walimwona wakadhani anakwenda dukani kutafuta sabuni. Alikuwa anatembea taratibu, mikono imekaa mbali na mwili ili isichafue nguo, kuelekea Ruharo, upande usio wa Nakivale. Muzna, msichana wa dukani, alileta chai, Hajati akaifunika kwa kisahani. Jioni Hudu alitoka hadi getini akatazama huku na huku, akarudi akafunga.

Hakurudi. Mukarukundo alifika siku iliyofuata na pikipiki ya kuomba, akamkuta Hudu ameshalala chini ya ile pikapu anafungua hedi, na alichoweza kumwambia ni kwamba mumewe alisema anakwenda kunawa mikono.